Jedwali la MB 9 lililomeza diski: kisa cha depo moja Lubumbashi

Diski ya seva ilipobakiwa na GB 4, walifanya kile ambacho karibu kila mtu angefanya: walifuta data ya zamani. Mauzo ya miaka mitatu yaliondoka kwa amri moja ya DELETE. Walipoangalia diski tena, nafasi haikuwa imeongezeka. Ilikuwa imepungua kidogo.

Depo yenyewe iko komini ya Kenya, Lubumbashi, na ina matawi Katuba na Ruashi. Jina lake naliacha, halisaidii kitu. Malori yanashusha unga, sukari, mafuta na sabuni kutoka Kasumbalesa, wachuuzi wananunua kwa jumla, na kila kinachoingia na kutoka kinaandikwa kwenye programu inayotumia hifadhidata ya PostgreSQL 14, juu ya seva moja yenye diski ya GB 120. Kwa biashara ya ukubwa huo, diski hiyo ingetosha miaka mingi.

Kijana anayeshughulikia kompyuta zao alinieleza hivi kwenye simu: "Yaya, tumefuta myaka mitatu yote na diski iko palepale. Nikajaribu VACUUM FULL kwa mauzo, ikakwama, na kaunta yote ikakwama pamoja nayo. Nimeikatisha. Sasa nilitaka nijaribu kwa majedwali mengine."

VACUUM FULL ni amri ya kubana jedwali ili nafasi irudi kwenye diski. Nilimwomba asiijaribu popote kwanza. Maneno yake kuhusu kaunta kukwama yalibeba nusu ya jibu, na lau angeendelea na jedwali lingine, siku hiyo depo ingefunga mapema.

Nafasi imekwenda wapi

Kabla ya kubana chochote, uliza ni nini kimejaa. Swali ni fupi:

```
SELECT relname,
       pg_size_pretty(pg_total_relation_size(relid))
FROM pg_stat_user_tables
ORDER BY pg_total_relation_size(relid) DESC;
```

Wote walitegemea jedwali la `mauzo` litokee juu. Lilikuwa la pili, GB 18. La kwanza lilikuwa `bei`, na lilikuwa na GB 55: kama 40 za jedwali lenyewe na 15 za faharasa zake, yaani orodha za kutafutia mistari haraka.

Hesabu ya `bei` haihitaji kompyuta. Bidhaa ni kama 4,000, matawi ni 3 ukihesabu depo yenyewe, na kila bidhaa ina aina 6 za bei, kuanzia ya mteja wa kilo moja hadi ya mchuuzi anayechukua tani. Hiyo ni mistari 72,000. Mstari mmoja, pamoja na kichwa chake, ni baiti 120 hivi. Jumla haifiki MB 9. Jedwali linalopaswa kuwa na MB 9 lilikuwa na GB 40, na hakuna aliyeongeza hata bidhaa moja isiyo ya kawaida.

Anayejua biashara ya Lubumbashi ataanza kuhisi. Depo inanunua kwa dola, wateja wengi wadogo wanalipa kwa faranga, na kiwango kinabadilika. Aliyeandika programu aliamua kwamba bei ya faranga iandikwe ndani ya kila mstari badala ya kukokotolewa inapohitajika. Kisha akaweka kiprogramu kinachoamka kila dakika 15, usiku na mchana, kinasoma kiwango na kuandika upya jedwali zima:

```
UPDATE bei SET bei_fc = round(bei_usd * 2800, -2);
```

Ile `-2` inafikisha bei kwenye mia iliyo karibu, maana hakuna anayedai chenji ya faranga 37. Lakini angalia kinachokosekana: hakuna WHERE, sharti la kuchagua mistari. Kiwango kibadilike kisibadilike, mistari yote 72,000 inaandikwa upya mara 96 kwa siku.

PostgreSQL haifuti, inaweka kando

PostgreSQL haibadilishi mstari pale ulipo. Ukifanya UPDATE, toleo la zamani linabaki kwenye ukurasa wake, linapigwa alama ya muamala (kundi la amri zinazokamilika kwa pamoja) uliolistaafisha, na toleo jipya linaandikwa mahali pengine. Ukifanya DELETE ni hivyohivyo, isipokuwa hakuna toleo jipya. Thamani mpya ikiwa sawa kabisa na ya zamani, bado toleo jipya linaandikwa. Muundo huu una mizizi katika mradi wa POSTGRES wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza 1986, na faida yake ni kubwa: anayesoma hamzuii anayeandika, wala anayeandika hamzuii anayesoma. Karani wa Katuba anaweza kuchapa ankara huku bei zinabadilishwa, na ataona bei zote za zamani au zote mpya, si mchanganyiko.

Gharama yake ni matoleo yaliyokufa. Mistari 72,000 mara 96 ni karibu milioni 6.9 kwa siku, yaani MB 830 hivi kila siku zisizo na kazi tena.

Matoleo hayo yanafagiliwa na VACUUM. Inapita kwenye kurasa, inaondoa yaliyokufa, na inaandika kwenye daftari lake kwamba hapa pana nafasi. Haimrudishii mfumo wa uendeshaji nafasi hiyo. Faili inabaki na ukubwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba UPDATE inayofuata itajaza matundu badala ya kurefusha faili. Kuna hali moja tu ambapo VACUUM ya kawaida hupunguza faili, nayo ni kurasa za mwisho kabisa zikiwa tupu, ndipo mkia unakatwa. Mauzo ya zamani yaliyofutwa yalikuwa mwanzoni mwa faili yao, si mkiani, kwa hiyo hata mambo yangekuwa shwari diski isingeonyesha mabadiliko yoyote. Kuhusu nafasi kupungua baada ya DELETE: kila mstari uliofutwa ulipaswa kupigwa alama, na kila alama kuandikwa pia kwenye WAL, kumbukumbu ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko kabla ya kugusa data yenyewe. Kufuta nako kunakula diski.

Patron, yaani mwenye depo, alipouliza kwa nini, nilimjibu kwa lugha ya ghala lake: ukitoa magunia, ghala halipungui ukubwa, ila mzigo unaofuata utapata pa kukaa. Akasema hilo analielewa, asichoelewa ni kwa nini mzigo unaofuata haukai pale. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Maana kweli, haukukaa. Kwa mwendo wa kawaida, jedwali kama `bei` lingepanda hadi MB 20 au 30 na kusimama hapo: UPDATE inaandika matoleo mapya, VACUUM inafagia ya zamani, UPDATE inayofuata inatumia matundu. Kiprogramu cha kiwango ni cha ovyo, lakini peke yake hakijazi diski.

Mfagizi yupo kazini, na hafagii kitu

Watu wengi wakifika hapa hushuku kwamba autovacuum, yaani VACUUM inayojiendesha yenyewe, imezimwa. Imekuwa ikiwashwa yenyewe tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, na bado nakutana na seva ambako mtu aliizima kwa sababu "inafanya mashine nzito". Hapa haikuzimwa. Safuwima ya `last_autovacuum` ilionyesha dakika ileile tuliyokuwa tukiangalia. Tulipoangalia tena baada ya muda, ilionyesha dakika ya wakati huo.

Hilo lina maelezo. Jedwali linastahili kufagiliwa matoleo yaliyokufa yakizidi 50 pamoja na asilimia 20 ya mistari. Kwa mistari 72,000 ni 14,450. Autovacuum inapitia orodha yake kila dakika. Inakuta `bei` ina mamilioni ya matoleo yaliyokufa, inaingia, inamaliza, inaondoka, na dakika inayofuata inakuta hali ileile. Ilikuwa inasoma makumi ya GB mzunguko baada ya mzunguko, ndiyo maana makarani walikuwa wakilalamika kwamba bei inachelewa kutokea kwenye skrini muda mrefu kabla ya mtu yeyote kutazama diski.

VACUUM VERBOSE kwa mkono ikasema wazi. Yaliyoondolewa: sifuri. Na chini yake mstari huu, idadi ikiwa zaidi ya milioni 338:

```
dead row versions cannot be removed yet, oldest xmin: ...
```

Yaani yamekufa, lakini hayawezi kuondolewa bado. Kanuni ni kwamba toleo lililokufa huondolewa pale tu ambapo hakuna muamala wowote ulio wazi unaoweza kuhitaji kuliona. PostgreSQL inatazama muamala mkongwe kuliko yote, na chochote kilichokufa baada ya huo kuanza kinahifadhiwa. Haijali muamala huo unasoma jedwali gani. Unaweza kuwa haujawahi kugusa `bei`. Seva haijui utauliza nini dakika ijayo, kwa hiyo inakutunzia dunia nzima jinsi ilivyokuwa ulipoanza.

Sasa rudi kwenye kaunta iliyokwama. VACUUM FULL haifagii. Inaandika jedwali zima upya kwenye faili nyingine, na kwa hilo inadai kufuli ambayo hairuhusu mtu mwingine hata kusoma. Kijana alipoiagiza kwa `mauzo`, ilisimama ikisubiri mtu aliyekuwa ameshika `mauzo`. Na kwa kuwa maombi ya kufuli hupanga foleni, kila ankara iliyofuata ilijipanga nyuma yake. Mauzo ya kawaida hushika jedwali kwa sehemu ya sekunde. Aliyelishika hadi VACUUM FULL ikagota alikuwa mtu wa aina nyingine.

```
SELECT pid, client_addr, state, xact_start, backend_xmin
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_xmin IS NOT NULL
ORDER BY age(backend_xmin) DESC;
```

Mstari wa juu ulikuwa na hali ya `idle in transaction`, yaani muamala ulio wazi bila kufanya kitu, na `xact_start` yake, muda ulipoanza, ilikuwa ya wiki saba nyuma. Gawanya milioni 338 kwa milioni 6.9: ni siku 49. Hesabu ikaingia kwenye tarehe kama ufunguo kwenye kufuli yake.

Dirisha nyuma ya skrini ya patron

Anwani ilikuwa ya kompyuta ya ofisini kwa patron. Ukutani pana skrini kubwa inayoonyesha mauzo ya siku kwa matawi yote matatu, na haizimwi kamwe. Tulipolishusha dirisha hilo, nyuma yake palikuwa na programu ya ripoti, ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mwezi, na chini kitufe cha kwenda ukurasa wa pili. Mtu aliifungua, akaona alichotaka kwenye ukurasa wa kwanza, akarudisha skrini ya mauzo mbele. Programu ilikuwa imekaa wiki saba ikisubiri kubonyezwa.

Hapa kuna jambo dogo ambalo maelezo mengi huliruka. Si kila muamala uliolala unazuia ufagizi. Kwa kiwango cha kawaida cha PostgreSQL cha kutenganisha miamala, READ COMMITTED, muamala uliosoma tu na kunyamaza huachia picha yake ya data kila swali likiisha. Unaendelea kushika kufuli nyepesi za majedwali, lakini hauzuii VACUUM kuondoa. Programu hii ya ripoti ilikuwa inatumia REPEATABLE READ, na ilikuwa na haki: ripoti ya kurasa nyingi lazima kurasa zake zote zitoke kwenye picha moja, la sivyo jumla ya ukurasa wa tatu haitapatana na ya kwanza. Ndiyo sababu kwenye swali lile nachuja kwa `backend_xmin`, alama ya picha ya data ambayo muunganisho bado umeishikilia. Ukichuja kwa hali ya `idle in transaction` peke yake utawashuku wasio na hatia.

Swali lililobaki ni kwa nini sasa. Programu ya ripoti ni ya siku nyingi, kiprogramu cha kiwango pia, na mtu kuacha dirisha wazi si jambo jipya ofisini. Jibu liko darini: karibu miezi miwili kabla, depo ilifunga paneli za jua, inveta na betri. Kabla ya hapo, delestaji, umeme kukatwa kwa zamu, ilikuwa inazima seva na kompyuta ya patron kila siku ya pili au ya tatu, na kila umeme ulipokatika, miamala yote iliyo wazi ilikufa nao. Seva ikiwaka, autovacuum ilikuta njia nyeupe. Kukatika kwa umeme ndiko kulikokuwa kukiwasafishia hifadhidata, na hakuna aliyejua. Zilipofungwa betri, ofisi nzima ikafurahi, na yule muamala akapata maisha marefu.

Nisieleweke kwamba napigia debe giza. Seva ya PostgreSQL ikizimika ghafla, inapoamka inapoteza takwimu zake zote za matumizi, pamoja na hesabu ya matoleo yaliyokufa ambayo autovacuum inaitegemea. Kwa `bei` hilo halikudhuru, kwa sababu kila dakika 15 hesabu inajaa tena. Kwa jedwali kubwa linalobadilika polepole, asilimia 20 inaweza isifikiwe kati ya katiko moja na jingine, na ufagizi usije kabisa. Betri ni maendeleo. Zilichofanya ni kuondoa pazia.

Pia lilitolewa pendekezo la kuzima seva na kuiwasha. Lingefanya kazi. Muamala ungekufa, ufagizi ungeendelea, faili ingebaki na GB 40 lakini ingeacha kukua, na baada ya wiki kadhaa mtu angefungua ripoti nyingine.

Utaratibu wa kurudisha nafasi

Mpangilio ndio uliokuwa na uzito, kwa sababu VACUUM FULL nayo inaheshimu muamala mkongwe. Matoleo ambayo bado yanaweza kuonwa na mtu inayanakili kwenye faili mpya pamoja na yaliyo hai. Kijana angeiagiza kwa `bei` asubuhi ile, isingekwama kama kwa `mauzo`, kwa kuwa ripoti haikuwa imeshika `bei`. Ingeanza kuandika nakala ya GB 40 kwenye diski yenye GB 4. WAL nayo iko kwenye diski ileile, na PostgreSQL ikishindwa kuandika WAL haitoi onyo la upole: inaanguka.

Kwa hiyo kwanza diski ipate hewa. Nakala rudufu za kila usiku zilikuwa zimelundikana kwenye diski hiyohiyo, GB 30 hivi. Nakala iliyo kwenye diski moja na kinachonakiliwa ni nakala ya jina tu, lakini siku ile ilitufaa: tulizihamishia kwenye diski ya nje, tukahakikisha zinafunguka, ndipo tukazifuta. Kijana aliuliza kuhusu zile faili nyingi za `pg_wal`, kama nazo zinaweza kuondolewa. Hapana, kamwe, kwa mkono wa mtu. Saraka hiyo iliitwa `pg_xlog` hadi toleo la 10 la mwaka 2017, ikabadilishwa jina kwa kuwa watu waliona "log", wakafuta, na wakapoteza hifadhidata.

Depo ilipofunga jioni, kiprogramu cha kiwango kikasimamishwa, kisha muamala wa ripoti ukakatwa kwa `pg_terminate_backend`. Baada ya hapo VACUUM FULL moja kwa moja kwa `bei`, bila VACUUM ya kawaida kutangulia.

Kuruka ya kawaida si kawaida yangu, na sababu ni hesabu. VACUUM ya toleo hili la 14 inakusanya anwani za matoleo yaliyokufa kwenye kumbukumbu, baiti 6 kwa kila moja, ikijaza inakwenda kupitia faharasa zote, halafu inaanza upya. Kumbukumbu iliyowekwa na PostgreSQL yenyewe ni MB 64, inayotosha anwani milioni 11 hivi. Kwa milioni 338, ingepitia GB 15 za faharasa karibu mara 30. VACUUM FULL inasoma jedwali mara moja, inaandika MB 9, inajenga faharasa upya, basi. Mahitaji yake ya nafasi ni ukubwa wa kilicho hai, si wa faili ya zamani. Wanaosema "lazima uwe na nafasi mara mbili" wanazungumzia jedwali lisilo na uchafu. Autovacuum iliyokuwa imeingia tayari kwenye `bei` haikuwa tatizo pia, kwa kuwa ikiona mwingine anadai kufuli hujitoa yenyewe, isipokuwa pale inapozuia nambari za miamala kufika kikomo na kuanza upya.

Ilimalizika kabla mlinzi hajafunga geti la nyuma. GB 55 zikawa chini ya MB 20 pamoja na faharasa.

Kwa nini `mauzo` yaliachwa

Hapa tulibishana. Kijana alitaka `mauzo` nayo ibanwe usiku uleule, kisha VACUUM FULL ipangwe kila Jumapili, "ili diski ikae safi". Niliyapinga yote mawili, na patron akaniunga mkono kwa sababu zake: Jumapili nao wanauza.

Ndani ya `mauzo` sasa mna matundu ya GB 6 hivi. Matundu hayo yatajazwa na ankara za miezi ijayo bila faili kurefuka. Ukiyabana leo, unasimamisha kaunta, unaandika upya GB 12, unajaza WAL, halafu kesho faili inaanza kukua tena hadi palepale. Nafasi tupu ndani ya faili ya jedwali linalokua ni akiba. Kubana kunafaa pale data imepungua na haitarudi, au pale uvimbe umekuwa mkubwa kiasi cha kuchelewesha usomaji, kama `bei`. VACUUM FULL inayohitajika kila wiki inaficha kitu kingine ambacho hakijatafutwa. Na kama siku moja itabidi `mauzo` ibanwe bila kufunga kaunta, kiendelezi cha `pg_repack` kinafanya kazi hiyo kwa kushika kufuli nzito kwa muda mfupi tu mwanzoni na mwishoni.

Wanaotumia hifadhidata nyingine watakutana na tabia hii kwa sura tofauti. VACUUM ya SQLite inaweza kuhitaji nafasi huru hadi mara mbili ya faili ya awali. CouchDB huongeza mwisho wa faili daima, na kubana kwake ni kuandika faili mpya kando kisha kubadilishana. Cassandra huacha alama za kufuta zikae siku 10, isipobadilishwa, kabla ya kubana kuruhusiwa kuziondoa. Kote huko kipya kinajengwa kando ya cha zamani, kwa hiyo kazi ya kurudisha nafasi inaanza kwa kuomba nafasi. Anayesubiri diski ifike asilimia 97 amejifungia mlango huo.

Kilichobadilishwa

Kiprogramu cha kiwango kimepata WHERE:

```
UPDATE bei SET bei_fc = round(bei_usd * 2800, -2)
WHERE bei_fc IS DISTINCT FROM round(bei_usd * 2800, -2);
```

Kwa kuwa bei zinafikishwa kwenye mia, kiwango kikitoka 2,800 kwenda 2,805 bidhaa nyingi za bei ndogo hazibadiliki kabisa. Siku ambayo kiwango kimetulia, UPDATE inagusa mistari sifuri.

Kwenye seva tumeweka `idle_in_transaction_session_timeout` kuwa dakika 30. Kigezo hicho kipo tangu toleo la 9.6, na chenyewe kimezimwa. Kinakata muamala uliolala, si swali refu linaloendelea kufanya kazi, kwa hiyo ripoti nzito ya mwisho wa mwezi haiguswi. Aliye nyuma ya ile skrini akichelewa kubonyeza, ataambiwa muunganisho umekatika na ataanza ripoti upya. Mama wa uhasibu hakupenda. Alipewa akaunti yake yenye kikomo cha saa mbili, nasi tukakubaliana hapo.

Kila saa, kiprogramu kidogo kinatuma ujumbe kwa kijana endapo muamala mkongwe umepita saa tatu au diski imevuka asilimia 75. Nakala rudufu zinakwenda kwenye diski nyingine, tawi la Ruashi.

Kilichobaki ni safuwima ya `bei_fc` yenyewe. Ingefaa iondoke, bei ya faranga ikokotolewe wakati wa kuchapa ankara kutoka kwenye jedwali la kiwango lenye mstari mmoja. Lakini ankara, ripoti na kibandiko cha rafu vyote vinaisoma moja kwa moja, na aliyeiandika programu anataka kulipwa kabla ya kugusa. Patron amesema ataliangalia baada ya hesabu ya stoki ya mwisho wa mwaka.